Siku nne Bordeaux, kuutafuta ukakasi unakoishia

ALHAMISI

Treni ya Brussels kwenda Paris tuliipanda alfajiri, mi na dada wa Nakuru, tuna thermosi ya chai ya tangawizi na chapati alizozipika usiku, na hatujabeba chupa hata moja. Kazini walikuwa wananiuliza sasa wewe unaenda kuonja mvinyo wa miaka zaidi ya 30 mbona begi lako halina hata chupa, nikawaambia mvinyo wa umri huo haupandishwi treni hovyo. Chini yake kuna mashapo, ukiutikisa njiani yanapanda juu yote yanachanganyika, unafika umevurugika kama maji ya korongo baada ya mvua, na unaweza kusubiri siku kadhaa kabla hayajatulia tena. Kwa hiyo chupa zetu zilishatangulia, zimelala kwa Mzee kule Saint-Émilion tangu mwaka jana.

Niwaeleze hili kundi maana bila hilo safari haieleweki. Tuko sita. Mi mtu wa Dodoma, nimekulia Hombolo, baba analima zabibu mpaka leo. Dada wa Nakuru tunafanya naye kazi Brussels. Kuna kaka wa Lubumbashi anayeishi Liège, tunamwita Yaya maana kwao ndo wanavyomwita mkubwa. Kuna mtu na mkewe, huyo mke tunamwita shemeji, wote wa Moshi, wako Paris miaka mingi. Na kuna Mzee, Mfaransa, maisha yake yote ya kazi kahudumia mapipa kwenye maghala ya mvinyo na sasa kastaafu, yeye ndo kila kitu kwetu. Tulichanga kama watu wa kikoba, sisi watano euro 40 kila mwezi kwa miezi 15, ikafika euro 3,000, Mzee yeye hachangi hela, anachangia pango lake na mikono yake. Hizo hela zimelipa chupa, nyumba ya kulala na gari la kukodi.

Kutoka Paris Nord tukachukua metro namba 4 mpaka Montparnasse, tukakutana na wale wa Moshi, na kutoka hapo ni masaa mawili na dakika chache tu mpaka Bordeaux Saint-Jean. Kule njiani nililala.

Jioni tukatembea kando ya mto Garonne. Majengo ya mawe ya rangi ya krimu, marefu, yamenyooka, na pale Place de la Bourse kuna lile bwawa la maji ya kina kifupi sana linaloakisi jengo lote, watoto wanakanyaga humo na viatu. Mji mzuri kweli. Lakini mbele kidogo kwenye gati kuna sanamu ya mwanamke amesimama peke yake, imewekwa 2019, anaitwa Modeste Testas. Jina alilopewa kwao ni Al Pouessi, alizaliwa Afrika Mashariki, pande za Ethiopia, karne ya 18, akatekwa akiwa binti, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux wakampeleka Saint-Domingue, ambayo leo ndo Haiti. Bandari hii iliuza mvinyo, ikaleta sukari na kahawa, na meli zake zikabeba watu. Yaya akavua kofia. Hatukuongea sana pale. Nikamwangalia uso nikaona anaweza kuwa shangazi yangu yeyote wa Kondoa, nikasema hili lazima niliandike siku ya kwanza kabisa, kabla sijaanza kusifia chupa.

IJUMAA

Leo ilikuwa Médoc, eneo la mashamba ya mizabibu kaskazini ya Bordeaux, siku nzima, barabara ile ndogo ya D2 inayopita katikati ya mashamba. Novemba, mavuno yameshaisha, majani yamegeuka njano na mekundu, ukungu mpaka saa 4. Mzee alikuja kutufuata na gari lake, Yaya akapanda naye kutafsiri.

Kitu cha kwanza alichotuonyesha Mzee hakikuwa jumba lolote. Alisimamisha gari kwenye mji mdogo wa Pauillac kando ya shamba, akainama, akachota ardhi akanimwagia mkononi. Changarawe tupu! Kokoto za mviringo, nyeupe, za kahawia, kama zimetoka mtoni, na kweli zimetoka mtoni maana ziliburutwa na maji zama hizo za kale. Katikati yake mchanga kidogo. Nikamwambia Yaya mwambie Mzee ardhi hii kwetu hata mtama mtu anausikitikia. Mzee akacheka akasema ndo maana, maji yanapita chini haraka, mzabibu unalazimika kutuma mizizi mbali, na hizo kokoto zinashika joto la mchana zinairudishia mizabibu usiku, cabernet sauvignon, aina ya zabibu wanayoipanda sana huku, inahitaji hilo joto ili iive. Ukivuka kwenda ng'ambo ya pili, Saint-Émilion na Pomerol, udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa unazidi, ni wa baridi zaidi, huko ndo zabibu ya merlot inatawala.

Nikampigia baba simu ya video palepale. Baba akaangalia mistari ya mizabibu akasema mbona mifupi hivyo, mbona imebanana hivyo, halafu akauliza swali ambalo nililitarajia, wanamwagilia kwa njia gani, matone au mifereji? Nikamwambia baba hawamwagilii, mizabibu iliyokwisha kukomaa huku inaishi na mvua, na sheria zao zinabana sana kumwagilia. Akakaa kimya kidogo. Akauliza, na wanavuna mara ngapi? Mara moja tu, Septemba mpaka Oktoba, halafu mti unalala baridi yote. Kwetu Dodoma mti haulali, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Baba akasema, "Basi huo mti wenu umepumzika, wetu hatujawahi kumpumzisha." Nimeliandika kama alivyosema. Mzee alipotafsiriwa akaomba arudiwe mara ya pili.

Tulipita majumba maarufu kwa nje tu, Pichon Baron na minara yake ile myembamba, kale kamnara ka Latour kanachoonekana kwa mbali kuelekea mto, halafu Lafite mwisho kabisa wa Pauillac. Shemeji wa Moshi akauliza nani aliamua hawa ndo namba moja na wale namba tano. Jibu lake nalipenda: madalali. Mwaka 1855 Napoleon III alitaka mivinyo ya Bordeaux ipangwe kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, wakakabidhiwa madalali wa mjini wanaojua kila shamba linauza bei gani, wakapanga madaraja matano kwa kufuata bei. Toka siku hiyo, huku juu kabisa, lililopandishwa ni moja tu, Mouton, mwaka 1973 likatoka daraja la pili likaingia la kwanza. Orodha ya madalali, ina zaidi ya miaka 160, na mpaka leo ndo inayoamua chupa ya nani inunuliwe na tajiri na ya nani inunuliwe na kikoba kama chetu.

Mchana tukaingia kwa familia moja ndogo, rafiki zake Mzee, shamba la hekta chache, wakatuonjesha mvinyo moja kwa moja toka kwenye pipa, wa mavuno ya mwaka jana, cabernet karibu yote. Pipa lao la lita 225, linatoa chupa 300. Mwenye nyumba akachomoa kizibo cha juu, akazamisha bomba la kioo akaliziba na kidole, akatumiminia. Rangi yake zambarau kabisa, ukiitikisa glasi inapaka ukutani kama wino.

Sasa hapa ndo nataka mkae na mi kidogo. Nilipoweka mdomoni, ulimi ukakauka. Fizi zikakauka. Mashavu kwa ndani yakavutana kama umefuta mate yote na kitambaa. Wao wanaita tanini, wakaanza kuieleza kwa kirefu, inatoka kwenye ganda la zabibu, kwenye kokwa, na kidogo kwenye mbao za pipa. Dada wa Nakuru hakuwa na neno la kuelezea akawa anafanya tu na mkono namna ulimi unavyokunjamana. Mi nikasema jamani hiki kitu tuna jina lake, hiki ni UKAKASI. Ni kile kile cha bibo, ukila bibo ambalo halijaiva vizuri, au ndizi mbichi, au zile zambarau za kuokota njiani tukitoka shule ulimi unabaki mzito mpaka nyumbani. Mwenzetu wa Moshi akapiga meza, "Ndo hicho hicho!" Miaka minne tunaonja pamoja tumekuwa tunasema tanini tanini kama watu wa kwenye televisheni na neno tunalo tangu utotoni.

Yaya akamtafsiria Mzee habari ya bibo, ikachukua muda. Mzee akauliza, na huo ukakasi wa hilo tunda lenu, likiiva unaenda wapi? Nikamwambia unapungua, tunda linakuwa tamu linalainika. Akasema sawa, sasa huu wa kwenye pipa nao utapungua, ila hauendi kwenye utamu, na kesho jioni nitawaonyesha kwa macho unakwenda wapi.

Nililala nikiliwaza hilo.

JUMAMOSI

Saint-Émilion ni mji mdogo uliokaa juu ya mwamba wa chokaa, vichochoro vinateremka vikali, mawe yameng'arishwa na miguu ya watu, UNESCO waliuweka kwenye orodha yao 1999 pamoja na mashamba yanayouzunguka. Kuna kanisa limechongwa lote ndani ya mwamba chini ya mji, unaingia unakuta nguzo nene za mwamba wenyewe, baridi, giza. Tuliangalia haraka tu maana watu akili zao zilikuwa kwa Mzee.

Nyumba ya Mzee iko nje kidogo ya mji. Nyuma ya jiko kuna mlango mfupi wa mbao, unainama, unashuka ngazi 14 (nilizihesabu), unafika kwenye pango la machimbo ya zamani walikokata mawe ya kujengea. Kipimajoto kilichoning'inizwa pale kilisoma digrii 13. Ukuta una unyevu, ukiugusa mkono unabaki na unga mweupe. Chupa zimelala kwenye mashimo ya ukutani, hazina pilikapilika, hazina mwanga.

Nikamkumbuka baba mdogo. Aliletewa chupa ya mvinyo wa Kifaransa na mgeni, akaiweka juu ya kabati la sebuleni, imesimama, karibu na tivii, jua la jioni linaingia dirishani, akaikalisha miaka tisa kwa sababu kila mtu anasema mvinyo unavyokaa ndo unavyokuwa mtamu. Siku ya harusi ya binti yake wakaifungua, siki tupu, na mzee wa watu aliumia kweli. Naomba hili mlichukue kwa uzito: mivinyo mingi sana duniani imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, haina cha kusubiri. Unaoweza kusubiri ni ule wenye ukakasi wa kutosha, uchachu wa kutosha na tunda la kutosha tangu mwanzo, na hata huo unataka ulale, kizibo kisikauke, unataka giza na ubaridi usiopandapanda. Nyumba zetu za joto digrii 30 chupa inapikwa taratibu. Ukipewa chupa kunywa, waite jirani.

Chupa zetu tano Mzee alikuwa ameshazisimamisha tangu Jumatano ili mashapo yashuke. Alizipanga mezani kule juu saa 11 jioni. Nazitaja kwa jina la shamba na mwaka wa mavuno: Sociando-Mallet 1996, Figeac 1990, Lynch-Bages 1989, Gruaud-Larose 1986, na moja ya 1982 ambayo jina sitalitaja, mtaona kwa nini. Akatuonyesha kwanza kiwango cha mvinyo ndani ya chupa, unapoanza unakuwa juu shingoni, miaka inavyokwenda unapungua polepole kupitia kizibo, ukikuta umeshuka chini ya bega la chupa uwe na wasiwasi. Zetu zote zilikuwa chini ya shingo au juu kabisa ya bega, vizuri kwa umri huo.

Tulianza na ile ya 1982 kwa sababu ndo ya zamani na ndo tuliyoitolea hela nyingi kuliko zote. Mzee anatumia kizibuo cha miguu miwili, vibapa viwili vya chuma vinavyoteleza kati ya kizibo na kioo, unazungusha unavuta, hakitoboi. Kizibo kikakatika katikati hata hivyo. Akatoa kipande cha pili kwa subira, akakinusa, uso wake ukabadilika. Akamimina kidogo, akanusa, akampa Yaya. Mi nilipopewa nikajua papo hapo, boksi lililolowa, gunia lililosahaulika kwenye stoo ya unyevu. Kizibo kibovu. Kuna kemikali inaitwa TCA inayojitengeneza kwenye gome la mti linalotengenezewa kizibo, chembe ndogo mno inatosha kuua harufu yote, haikudhuru mwilini lakini mvinyo umekwisha, na kutoka nje huwezi kujua. Tukasema tuiache kwenye glasi nusu saa labda, tukaiacha, ikawa mbaya zaidi. Chupa hiyo peke yake ilikula karibu miezi miwili ya mchango wa watu watano. Shemeji akasema aibebe nje akamwage, akaenda, akakaa huko muda. Aliporudi macho mekundu. Mi sioni aibu kusema na mi niliumia, ni mavuno ya watu wa 1982, wengine wao wameshafariki, yamesubiri miaka yote hiyo yakatufikia sisi yakiwa hayapo.

Mzee akasema tuendelee.

Akawasha mshumaa. Akashika chupa ya 1996 kwa mkono wa kulia, jagi la kioo kwa kushoto, shingo ya chupa ikawa juu ya moto ili mwanga upite, akaanza kumimina, taratibu, bila kusimama hata mara moja. Akaniita nisogeze jicho. Mvinyo unapita msafi, unang'aa kama maji ya rangi ya ubuyu, halafu mwishoni kabisa nikaona uzi mweusi unakuja, mwembamba, unajikunja kama moshi, unasogea kuelekea shingoni. Hapo hapo akainua chupa. Akasema neno moja Yaya akatafsiri, "Ule ukakasi wako, huo hapo."

Jamani nilisisimka. Yaani ule ukakasi wa jana kwenye pipa, vipande vyake vidogovidogo, vinashikamana vyenyewe kwa vyenyewe na vinashikana na rangi mwaka hadi mwaka, vinakuwa vikubwa, vizito, mpaka mvinyo hauwezi tena kuvibeba, vinazama. Ndo maana rangi ya mvinyo mzee inapauka na kugeuka ya tofali, na ndo sababu mojawapo ulimi haukauki kama mwanzo. Haukutoweka tu. Sehemu yake imehamia chini.

Sociando ya 1996 ilikuwa bado na nguvu, pembeni ya glasi ndo kwanza wekundu unaanza kufifia. Harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, na pilipili hoho mbichi kwa mbali. Shamba hili halimo kwenye ile orodha ya 1855, na madalali wa leo wakija wapange upya naamini wataliingiza.

Figeac ya 1990 ndo iliyonyamazisha meza. Shamba la Saint-Émilion lakini limekaa kwenye changarawe, wanapanda cabernet za aina mbili na merlot, kila moja karibu theluthi, si kawaida upande huu wa mto. Nilipoipeleka puani sikufikiria tunda lolote. Hapa tulikubaliana tangu safari ya kwanza kwamba kila mtu aseme anachonusa kwa lugha ya nyumbani kwake, tusikariri ile orodha ya cassis na truffle ambazo wengine wetu hatujawahi hata kuziona. Dada wa Nakuru akasema, "Hii ni shamba ya cucu, mvua imeanza tu, vumbi bado iko hewani." Cucu kwao ni bibi. Shemeji akasema kihamba, chini ya migomba, majani yaliyooza asubuhi kabla jua halijapenya. Mi nikapata sanduku la bibi, lile la mbao la kutunzia kanga, ukilifungua baada ya miezi, mbao na nguo safi na kitu kama tumbaku. Yaya akafumba macho muda mrefu, "Hii iko sawa mabuku ya zamani ya mission." Mzee aliposikia yote hayo akasema kwa Kifaransa wanasema msitu baada ya mvua, mbao za mwerezi, tumbaku. Ni vitu vilevile. Tumefika pale kila mtu kwa njia ya kwao.

Lynch-Bages ya 1989, mwaka wa joto, walivuna mapema, ina unene, ina utamu wa tende ingawa sukari haimo, ngozi ya begi jipya, karafuu. Saa 2 usiku nilisema ni nzuri, saa 4 nilisema ndo bora ya maisha yangu, kwenye glasi ileile. Ndo maana huwezi kuonja hivi vitu peke yako haraka haraka, chupa moja kwa watu sita kila mtu anapata kama nusu kikombe cha chai, unakaa nayo masaa mawili, unarudi, inakuambia jambo jingine, unamwuliza jirani na wewe umeisikia hiyo?

Gruaud-Larose ya 1986 ikagoma. Mwaka 1986 upande wa Médoc unajulikana kwa ukakasi wake, na miaka yote hiyo umepita na bado upo, si ule wa bibo tena, umekuwa kama vumbi laini la unga wa kakao linalobaki kwenye ulimi. Kwa muda mrefu haikutoa harufu kabisa. Wa Moshi akasema imelala hii tuiache. Tukaenda kwenye nyama. Mzee alikuwa na matita ya matawi ya mizabibu yaliyokatwa wakati wa kupogoa, makavu kabisa, anayawasha yanawaka kwa kishindo yanaisha haraka yanabaki makaa mekundu, juu yake steki nene, halafu vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa vinamwagiwa juu ya nyama ya moto. Sijala nyama choma namna hiyo tangu nitoke Dodoma. Moshi wake una utamu. Nikamwambia Mzee baba anayatupa hayo matawi kila mwaka, akasema mwambie aache.

Tuliporudi mezani saa 5 hivi Gruaud ilikuwa imefunguka. Chuma, damu kidogo, majani ya chai makavu, na nyuma kabisa, baada ya kumeza, zabibu. Zabibu yenyewe, ile unayoivunja kwenye kichala ukiwa shambani. Nilikuwa sijaipata kwenye chupa nyingine yoyote usiku huo. Niliinuka nikatoka nje nikasimama kwenye baridi.

JUMAPILI

Nimeamka mapema kuliko wote. Kichwa kizima, mvinyo mwingi tulikuwa tunautema baada ya kuonja na maji yalikuwepo.

Jikoni Mzee na mkewe wapo. Mama huyo, ambaye jana alikaa nasi dakika chache tu, alikuwa anachuja yale mabaki ya chini ya chupa kwenye kitambaa, ule mvinyo mchafu wa mwisho anaupikia mchuzi wa mayai, vitunguu na nyama ya kukaushwa, hatupi kitu. Kitambaa kimebaki na tope jeusi jekundu. Nikaomba. Nikachukua kidogo cha 1986 kwa kidole, nikasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, laini halafu kuna chembechembe zinazokwaruza kama mchanga mwembamba, rangi ikapaka mistari yote ya ngozi. Nikaweka ulimini.

Ukakasi. Upo, mkali kuliko wa kwenye pipa, ulimi ukakauka mpaka kwenye koo. Na uchungu. Mama akaniwekea mkate mbele yangu haraka.

Tulikula yale mayai saa 3, yako na rangi ya ajabu ya zambarau lakini matamu sana, shemeji kaandika namna ya kupika. Mzee akataka kusikia tena habari za Dodoma, akauliza wanapogoa mwezi gani, akauliza kama baba ana mizabibu yoyote mizee. Nikamwambia ipo mistari miwili ambayo aliipanda kabla sijaanza shule. Akaenda akaleta mkasi wake wa kupogolea, umekwisha umekuwa mwembamba kwa kunolewa, akasema mpelekee. Nilikataa mara mbili kwa adabu, ya tatu nikapokea kwa mikono miwili.

Kikao cha mwisho kilikuwa kuhusu chupa iliyobaki. Gruaud ya 1986 tulinunua mbili. Wa Moshi anataka tuifungue mwakani, anasema zabibu ile niliyoipata mwishoni ndo inayoondoka, tukichelewa tutakuta mashapo tu na maji. Yaya anasema ukakasi ule wa jana bado unaweza kusubiri miaka kumi. Dada wa Nakuru yuko na Yaya, shemeji yuko na mumewe, mi niliposema sijui wakakasirika wote. Lakini kwakweli sijui, maana kila mmoja alichosema jana nilikinusa.

Mzee hakupiga kura. Tulishuka naye pangoni na taa, akailaza kwenye shimo lake, akaigeuza lebo ije juu, akachukua chaki akaandika kwenye kipande cha kigae tarehe ya leo na herufi za majina yetu sita. Kwenye nafasi ya mwaka wa kufungua akaweka kistari, akanipa chaki, akasema mtaandika mkielewana. Nikaiweka juu ya shimo, pembeni ya kigae. Treni yetu ilikuwa saa 10.